Sufuria Isiyo na Chumvi

Bega langu la kulia ndilo lililostaafu kwanza. Mimi nililifuata baadaye, kwa kulazimishwa na daktari na mke wangu, watu wawili ambao hawajawahi kukubaliana juu ya jambo lingine lolote. Kwa hivyo nimeacha jiko. Hoteli ya Majengo hapa Nyeri, ile ya Karatina, na ile ndogo ya Gakindu ambayo siku ya soko haina hata mahali pa kusimama, zote nimewaachia nyinyi mnaoshika mwiko sasa. Mnajua mimi si mtu wa kunyamaza. Shule niliachia darasa la tano huko Wamagana, lakini kutoka Nyeri mpaka Nanyuki hakuna mtu anayesukuma chapati kunishinda, na kama yuko, aje. Bado niko na mkono mmoja mzuri.

Vile nilivyopata hizo hoteli sitaandika. Mmesikia mara nyingi, na mkitaka kusikia tena nitawaambia kwa mdomo, bure. Hapa nataka kuandika juu ya mahali nilipojifunzia kazi. Wateja hufikiri nilifundishwa na mama yangu. Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa mkulima hodari, lakini jikoni hata maji yalikuwa yanamshikia chini ya sufuria.

Nilifundishwa na Kalasinga. Hivyo ndivyo tunavyowaita hapa watu wa vilemba. Wao wenyewe hujiita Sikh. Nikiwa kijana nilipata kazi ya kubeba mabaki ya mbao kwenye kiwanda cha mzee mmoja wa kilemba, pale mwisho wa mji. Mke wake aliitwa Mama Amrit, kwa jina la binti yao. Jumapili moja mzee aliniambia nipeleke kuni kwenye hekalu lao la hapa mjini, lile wanaloita gurudwara. Nikafika na gambuti zimejaa tope, kuni begani, nikiimba. Mama Amrit alikuwa amesimama mlangoni. Mwanamke mfupi, shela nyeupe, macho kama ya askari.

"Wewe, wapi unakwenda na hiyo kiatu?"

"Naleta kuni, Mama."

"Kuni weka hapo. Toa kiatu, nawa mkono, funika kichwa."

Nilifikiri ninatayarishwa kwa kazi nyingine. Alinipa kitambaa cha kichwa, akanipeleka kwenye chumba kirefu ambacho watu walikuwa wameketi chini kwenye mikeka, mstari mrefu. Katikati ya mstari alikuwa mzee mwenyewe, tajiri wangu, na kando yake afisa mmoja wa polisi ambaye soksi yake ilikuwa imetoboka. Nikaanza kurudi kinyumenyume, niende nyuma ya nyumba, mahali wafanyakazi hulia chakula. Mzee akaniona.

"Unakwenda wapi?"

"Nyuma, mzee."

"Kaa. Hapa hakuna nyuma."

Nikakaa, bega langu likigusa la polisi. Mama Amrit akapita na chapati. Nikanyoosha mkono mmoja. Akasimama tu na chapati yake hewani, akaniangalia, mpaka polisi akaninong'oneza, "Mikono miwili, kijana. Unapokea, hunyakui." Nimekula kwa watu wakubwa tangu hapo, hata harusi za waheshimiwa, lakini ile chapati bado naikumbuka ilivyokuwa moto kwenye viganja.

Jumapili iliyofuata nilirudi bila kutumwa. Mama Amrit akaniambia kwamba mtu anayejua kula vile anaweza kujua kupika. Akanipa mti wa kusukumia ambao mzee alikuwa ameuchonga kwa kipande cha mutamaiyo, ule mzeituni wa mwitu, mzito kama rungu. Chapati yangu ya kwanza ilitoka kama ramani ya wilaya. Aliishika kwa vidole viwili, akaigeuza.

"Hii chapati iko mgonjwa."

Kila Jumapili chapati zangu ziliugua. Chapati yao si kama yetu ya mafuta na matabaka. Ni nyembamba, kavu, na ikiwekwa juu ya moto yenyewe hujaa hewa kama mpira. Ukibonyeza unga kwa hasira haijai. "Hapana piga," aliniambia, "bembeleza." Siku ya kwanza chapati yangu ilipojaa, nilipiga kelele mpaka mzee akatoka kwenye maombi kuangalia kama kuna moto.

Sasa sikilizeni vizuri, nyinyi wa kizazi cha kuonja. Katika jiko la gurudwara mpishi haonji. Chakula kikiiva, kidogo cha kila kitu huwekwa kwenye sahani, hupelekwa mbele ya Kitabu chao kitakatifu, na maombi husomwa. Kitabu chenyewe wanakiheshimu kama mwalimu aliye hai: usiku hulazwa, asubuhi huamshwa. Baada ya maombi ile sehemu hurudishwa kwenye sufuria na kuchanganywa, ndipo watu wanakula. Kabla ya hapo hakuna ulimi unaogusa, hata wa mwenye sufuria. Kwa hivyo unajifunza kupika kwa pua, kwa macho, na kwa sauti ya mchuzi unavyochemka. Chumvi unaipima kwa kiganja. Na kwa sababu hakuna kuonja, kuna sheria moja kubwa: chumvi ina mwenyewe mmoja. Wengine wanaweza kutia maji, tangawizi, nyanya, lakini chumvi ni mtu mmoja, na katika jiko lile mtu huyo alikuwa Mama Amrit. Mimi nilipewa chumvi baada ya miaka mingi, siku alizokuwa na homa tu. Hiyo kwangu ilikuwa kubwa kuliko hoteli zote tatu.

Tukiwa tunachagua mawe kwenye ndengu, alikuwa ananisimulia kuhusu Makindu. Alizaliwa huko, kwenye nyumba za reli. Baba yake alikuwa fundi wa magari ya moshi. Makindu ni kule chini Ukambani, njia ya Mombasa, joto mpaka kuku wanatembea wakihema. Alisema reli ilipojengwa, gari moshi lilikuwa linasimama pale kupata maji na kutengenezwa, kwa hivyo mafundi walikuwa wengi, na wengi wao watu wa vilemba. Jioni walikaa pamoja kuimba na kuomba. Hawakuwa peke yao. Wahindu walikuja, Waislamu walikuja, kila mmoja na namna yake, kwa sababu porini mtu hachagui sana wa kuomba naye. Kwanza nyumba ya maombi ilikuwa ya mbao na mabati. Baadaye, kwa mikono ileile iliyokuwa inakaza nati za reli, wakajenga ya mawe.

"Halafu kazi ikahama," Mama aliniambia. "Karakana imekwenda mbele. Watu wote wakafunga mizigo. Baba yangu ameleta sisi huku juu, baridi namna hii. Hekalu likabaki peke yake."

"Likaanguka?"

"Hapana anguka. Watu wa pale waliangalia. Askari wa zamu, mtu wa kule, si mtu wetu, alifagia, akawasha taa. Hakuna aliyemwambia washa."

Aliyapenda hayo maneno ya mwisho. Wanasema pia madereva wa gari moshi wakipita usiku waliona mwanga pale, na wengine waliona mambo makubwa zaidi, mtu aliyepanda farasi mweupe. Mimi sikuwa hapo, sitaapa. Ninachojua ni kwamba watu walianza kurudi. Walirudi kuomba, walirudi kushukuru, wakajenga vyumba, wakapanua jiko, na leo ni mahali pa kuhiji kwa Masikh wa Kenya yote na wa nje pia. Lakini ukipita njia ya Mombasa na una njaa, hakuna anayekuuliza dini yako. Vua viatu, funika kichwa, kaa chini, kula. Ukichoka, kuna kitanda. Nimewaona pale mahujaji wa kutoka ng'ambo na saa za dhahabu, wameketi na dereva wa lori la saruji na mama wa Kikamba aliyetoka kuuza maembe, mstari mmoja, sahani za aina moja. Hapo ndipo nilipoelewa lile neno la mzee. Makindu nzima haina nyuma.

Kila mwaka, kwenye mkutano wao mkubwa pale Makindu, watu wa Nyeri walikuwa wanapewa siku moja ya kupikia mahujaji. Tulishuka na magunia yetu ya unga, karoti za Nyeri, na kabichi za kupigiwa saluti. Siku hiyo sufuria ya ndengu ilikuwa ya Mama Amrit.

Lakini Makalasinga wa Nyeri walianza kupungua. Watoto walienda Nairobi, Uingereza, Kanada. Kiwanda kilifungwa, mzee akafariki. Mimi wakati huo nilikuwa na hoteli ya Majengo tayari, na watu wanasukumana mlangoni, lakini Jumapili mchana nilikuwa kwa jiko la Mama, na wakati mwingine tulikuwa watu wa Wamagana na Mukurweini tu tunaopika na kula, na vilemba viwili au vitatu. Mama naye akazeeka. Akaanza kuniita kwa jina la marehemu mume wake. Akaweka birika tupu kwenye moto. Siku moja aliniuliza kama gari moshi la Nanyuki limeshapita, lile lililoacha kupita zamani.

Mwaka mmoja Amrit alikuja kutoka Uingereza, karibu na ule mkutano. Alikuwa mwanamke mwema, mwalimu, na alimpenda mama yake. Aliniita nje.

"Wahome, nataka kumchukua Mama. Hawezi kukaa peke yake."

"Hayuko peke yake. Tuko."

"Anasahau. Wewe unajua anasahau." Akashusha pumzi. "Anataka kwenda Makindu kupika. Haya, tutaenda. Lakini chumvi utatia wewe, yeye akae kwenye kiti aongoze. Na akikosea mbele ya watu wote wale, basi, ndiyo ya mwisho. Tunaondoka naye. Utaniambia ukweli ukiona?"

Nilisema ndiyo. Ungesema nini?

Mama alikuwa amesikia kila kitu. Alinikuta jikoni akanishika mkono wa shati. "Mimi nimezaliwa kule," alisema. "Uingereza mimi nitapikia nani? Dirisha?"

Tukashuka Makindu. Nilimchukua Wanjiru anisaidie, huyuhuyu Wanjiru mnayemjua, mkuu wa jiko la Majengo, ambaye siku hizo alikuwa na mdomo mkali zaidi kuliko sasa, kama mnaweza kuamini. Asubuhi tukateleka ndengu kwenye sufuria ambayo mbuzi mzima angeoga ndani yake. Ikaanza kuiva vizuri. Nikatia chumvi, viganja vyangu, hesabu yangu, nikakoroga, nikageukia chapati. Mama alikuwa kwenye kiti chake. Watu waliendelea kuingia, viatu mlangoni vikawa kilima.

Wanjiru akanigusa kwa kiwiko. "Bosi. Angalia."

Mama alikuwa amesimama mbele ya sufuria. Mkono mmoja ulikuwa na mwiko, mwingine ulikuwa unatoka kwenye mkebe wa chumvi. Ukafunguka juu ya mvuke. Ukarudi kwenye mkebe. Ukafunguka tena. Aliikoroga polepole, uso wake umetulia kama wa mtu aliyefika nyumbani.

Nikamwendea. "Mama, umetia chumvi?"

"Kwani nani mwingine hutia?"

Ndiyo sheria aliyonifundisha yeye. Nikarudi kwenye meza ya unga.

"Onja tu," Wanjiru akasema. "Labda si mbaya. Nani atakuona?"

"Hapana."

"Wewe si dini yao, bosi. Unaenda kanisa na mimi."

"Nikionja, hiki si chakula cha kupeleka mbele. Ni chakula cha hoteli."

"Basi mwaga."

"Nimwage ndengu ya watu hawa wote, na Amrit yuko pale anakata vitunguu?"

Nikafikiri. Mimi nikifikiri nasukuma chapati, kwa hivyo nilisukuma. Nikaona hivi: kiganja changu ni kama beleshi. Cha Mama ni kama kijiko kikubwa. Viganja vyake vyote pamoja ni kama nusu ya nilivyotia mimi. Kwa hivyo sufuria ilikuwa imebeba chumvi yake yote na nusu tena juu. Inahitaji nusu sufuria nyingine ya ndengu isiyo na chumvi hata punje. Nilifanya hesabu hiyo bila kalamu, na mwalimu wangu wa darasa la nne alikuwa ameapa sitawahi kujua nusu ni nini.

"Wanjiru, ile ndengu uliyoloweka ya jioni iko wapi?"

Alishaelewa. Tukawasha jiko la pembeni, kuni zimepangwa kwa karibu, moto wa kufukuza. Ndengu ya Ukambani iliyolowekwa ina huruma, haichukui muda. Tukaweka nyanya, tangawizi, kitunguu, kila kitu isipokuwa chumvi. Mkebe niliketi juu yake, sisemi uongo, niliugeuza kiti. Nyimbo za maombi zilikuwa zinasikika kutoka ndani, na mimi nilikuwa nazisikiliza kama mtu anayesikiliza mvua inakaribia na mahindi yako nje.

Mama akaja. "Hiyo ya nini?"

"Watu ni wengi leo, Mama."

"Watu ni wengi kila siku," akasema, akaenda zake.

Amrit pia aliangalia. Nikamwambia hivyohivyo, watu ni wengi, na walikuwa wengi kweli. Ndengu ikapasuka. Tukaimimina, mimi na Wanjiru, kila mmoja na sikio lake la sufuria, nafikiri hapo ndipo bega langu lilipoanza kuwaza kustaafu. Nikakoroga mpaka chini. Nikainamia mvuke, nikanusa. Pua iliniambia ndiyo, lakini pua haijawahi kufungwa kwa kukosea. Sahani ikapelekwa mbele ya Kitabu, ikaombewa, ikarudi.

Nilijipa kazi ya kugawa, ili nione nyuso. Wa kwanza kwenye mstari alikuwa dereva wa lori, shingo kama ya fahali. Akachovya chapati, akatafuna, akaangalia mbele. Nikangoja. Akachovya tena. Akanyoosha sahani kwa mikono miwili. "Mzee, ongeza." Ningembusu, lakini alikuwa na jasho.

Mama alikula mwisho, kama kawaida yake, Amrit kando yake. Akaweka kijiko mdomoni, akafumba macho. Halafu akamwambia binti yake maneno kwa lugha yao, kidole juu. Amrit akacheka, akajifuta macho na shela.

"Anasema nini?" nikauliza.

"Anasema mkono wake haujasahau njia." Akaniangalia muda. "Wahome. Umeona kitu chochote leo?"

"Nimeona watu wakishiba," nikamwambia.

Mnanijua. Nikikaanga yai likatoka vizuri, Majengo yote itasikia kabla ya saa nne. Siku hiyo nilikuwa nimepika ndengu bora kuliko zote maishani mwangu, na nikasimama pale na mwiko, mdomo umefungwa, nikamsikia mwanamke mwingine akisifiwa. Wanjiru alikuwa ananitazama kama mtu anayengoja nipasuke.

Mama Amrit alibaki Nyeri. Amrit alirudi Uingereza peke yake, akawa anapiga simu. Mama alishuka Makindu tena, na tena, na kila mara alitia chumvi yake, na kila mara pembeni kulikuwa na sufuria ya pili inayochemka, isiyo na chumvi, ikingoja. Miaka mingine haikuhitajika. Alifariki hapa, kitandani kwake, na mti wa mutamaiyo akaniachia mimi. Amrit nimemweleza juzi kwa simu kabla ya kuandika. Alicheka kwanza, halafu akasema niandike.

Kwa hivyo hiyo ndiyo shule yangu. Kama kuna mteja amewahi kula kwangu akasema kwamba kwa Wahome hata mtu wa kubeba taka huketi meza ya mbele, sasa mnajua nilitoa wapi. Mimi sikubuni. Nilipokea, kwa mikono miwili.

Na kitu kingine, nimalize. Wiki iliyopita niliingia jikoni Majengo. Bega limestaafu lakini miguu inajua njia. Nikafunua sufuria ya ndengu, nikatia chumvi, nikakoroga, nikawaambia vijana waangalie mkono wa bingwa. Nikaona kwenye jiko la pembeni sufuria nyingine imefunikwa. Nikafunua, nikainusa. Ndengu, nyanya, tangawizi. Chumvi, hakuna.

"Wanjiru, hii ni ya nini?"

Alikuwa anakata sukuma wiki, hakuinua kichwa. "Watu ni wengi leo, Mzee."

Nikageuka nikaangalia ukumbini. Ilikuwa Jumanne asubuhi, mvua inanyesha, na mtu pekee aliyekuwa ameketi ni yule wa kuleta maziwa.

Nikarudisha kifuniko polepole, kisipige kelele.

"Kweli," nikamwambia. "Ni wengi."